Binamu wa Mwalimu Ardith

Verna Stoltz nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, na kwa sauti hiyo tulipendana na kugombana miaka mingi. Alikuwa na ofisi ndogo ya usafiri huko Dayton, Ohio, kati ya duka la viatu na kinyozi. Ukipita nje ungesema kazi yake ni kuwakatia watu tiketi za ndege. Kazi yake hasa ilikuwa nyingine: kuwatafutia watu wa namna yetu mahali pa kulala pamoja bila kutukanwa.

Nasema watu wa namna yetu. Mashoga, wasagaji, sijui nini, tumeitwa majina yote na mimi Delfina Cabral sioni haya tena kuyatamka. Nimezaliwa hapahapa Provincetown, mji wa pwani huko Massachusetts, baba Mreno, mama Mreno, na nyumba yangu ya wageni ni ya wanawake tu. Ukishuka barabara yetu kuu, Commercial Street, wiki ya wanawake mwezi Oktoba, utawakuta wameshikana viuno, wanacheka kwa sauti, wanabusiana mbele ya duka la peremende, na hakuna anayegeuza shingo. Jumatatu wanarudi makwao kuwa manesi na makarani, midomo imefungwa. Mimi nabaki na shuka za kufua.

Miaka ile ya themanini na tisini ofisi kama ya Verna zilikuwa za kuhesabika. Wanaume wawili wangeweza kufika hotelini na majina yao yakiwa yameshaandikwa, halafu wakaambiwa kwa tabasamu kwamba chumba kimejaa. Verna alichukia tabasamu hilo kuliko matusi. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtu popote, alipiga simu mwenyewe.

“Nina wateja wawili, wanaume, wanataka kitanda kimoja kikubwa. Kuna shida?”

Halafu ananyamaza. Aliniambia jibu lenyewe halina maana, kwa sababu wote husema hakuna shida, kila mtu anataka biashara. Alichokisikiliza ni ile pumzi inayokuja kabla ya jibu. Yule wa mapokezi akivuta pumzi tu, basi, hoteli hiyo Verna hatampeleka hata paka wake.

Mara ya kwanza kunipigia mimi alinipa mtihani huohuo. “Wanawake wawili, kitanda kimoja. Kuna shida?”

“Shida ni wakitaka viwili,” nikamwambia, “maana itabidi nipande darini nikatafute kingine.”

Alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo kila mwaka aliniletea watu, na kila aliyemleta alikuja na maagizo yake.

“Delfina, hawa wawili wanatoka Kentucky, hawajawahi kulala hotelini pamoja. Usiwatanie siku ya kwanza.”

“Kwani mimi mchekeshaji?”

“Mdomo wako naujua, bibie. Wape siku moja wazoee kwanza, ndipo uwaanze.”

Alikuwa hivyo. Alijua nani anaogopa ndege, nani anakoroma, nani ametoka kuzika mpenzi wake na hataki chumba chenye viti viwili dirishani. Wakati ule vijana wetu walipokuwa wanakufa kwa UKIMWI kila wiki, kuna mmoja alitaka kuiona bahari kabla hajaondoka, hawezi kupanda hata ngazi moja. Verna alipiga simu siku nzima mpaka akapata chumba cha chini chenye kitanda kinachotazama maji, na mwenye nyumba asiyeogopa kumfulia. Hakuna aliyempa Verna cheti kwa hayo. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anayependa kahawa ya jana.

Yeye mwenyewe hakuja. Miaka nenda miaka rudi nilimwambia njoo, ananijibu, “Nitakuja, Ardith akiwa tayari.”

Ardith Moeller alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya watoto, na alikuwa mke wa Verna, kama neno hilo lingeruhusiwa. Wameishi nyumba moja zaidi ya miaka thelathini. Kwa majirani, kwa kanisa, kwa mama yake Ardith, kwa daktari wa meno, Verna alikuwa binamu. Ardith ndiye aliyelitafuta neno hilo na ndiye aliyelilinda. Verna alikuwa radhi hata kupanda juu ya paa kutangaza, lakini aliyekuwa na kazi ya kupoteza ni Ardith, na Ardith alikuwa ameona kwa macho yake. Mwalimu mwenzake wa michezo alitolewa shuleni katikati ya muhula, mchana, amebeba sanduku la vitu vyake, watoto wakimtazama madirishani. Hakuna aliyesema sababu, na kila mtu aliijua. Ardith alikuwa mmoja wa waliosimama dirishani.

Wakawa wanasafiri, maana Verna bila safari angekufa. Kila kiangazi walikwenda mahali: Arizona, Maine, hata Ureno kwa akina bibi yangu. Na kila mahali Verna, yeye aliyewatafutia wenzake kitanda kimoja nchi nzima, kwa ajili yake mwenyewe aliandika viwili. Walilala kimoja. Asubuhi, kabla ya chai, Ardith alikwenda kwenye kile kitanda cha pili akakivuruga. Alijilaza, akajigeuza, akabonyeza mto kwa ngumi mpaka ukaingia shimo la kichwa, ili msichana wa usafi akija aone kwamba humu wamelala binamu wawili, kila mmoja pake.

“Nikamwambia,” Verna alinisimulia, “Ardith, huyo msichana wa Arizona atampigia simu mkuu wa shule yako Ohio? Akaniambia, hujui.”

“Na wewe ukafanyaje?”

“Nikamsaidia kuvuruga. Ningefanyaje?”

Ardith alimwahidi kwamba akistaafu watakuja kwangu. Alistaafu. Lakini mama yake alikuwa bado hai, na kikongwe yule alikuwa na masikio mpaka Indiana, kwa hiyo wakangoja. Mama akafa. Walipokuwa wanatafuta tarehe, Ardith akaweka birika motoni bila maji. Halafu akapotea njia ya kurudi kutoka kanisani, njia aliyoipita tangu msichana. Halafu akaanza kumwita Verna kwa jina la dada yake aliyekufa, siku moja moja, kisha anajirekebisha na kulia.

Verna alinipigia mwezi wa Agosti. Nilikuwa nakaanga malasada, maandazi yetu ya Kireno, mikono imejaa unga, nikabana simu begani.

“Nataka chumba Oktoba, ile wiki ya wanawake,” akasema. “Mpaka Jumapili. Nataka tuwepo kwenye chakula chako cha Jumapili.”

Nikaelewa. Nyumbani kwangu kuna desturi, nimeiweka tangu mwaka nilipofungua. Jumapili mchana, kabla watu hawajaondoka, wageni wote wanakaa meza moja, na kila mmoja anasimama anasema kwa mdomo wake amekuja na nani. Basi. Huyu ni mpenzi wangu. Huyu ni mke wangu. Husemi, huli. Utaona ni kitu kidogo, lakini wapo wanawake wenye wajukuu ambao hawajawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Wanasimama, wanatetemeka, wanalia, na supu inapoa. Roz wangu, ambaye ndiye mpishi, amekasirika miaka yote kwa ajili ya supu.

“Daktari anasemaje?” nikamwuliza.

“Anasema asihamishwe. Eti mahali pageni patamchanganya.” Akakohoa. “Delfina, mimi nimesafirisha watu wa magongo, nimesafirisha wenye mitungi ya hewa, nimemsafirisha yule bibi wa Toledo na kasuku wake. Nitashindwa na Ardith?”

“Sijasema utashindwa.”

“Nataka kitu kimoja tu. Mara moja tu, mbele ya watu, aseme huyu ni wangu. Hata akilisema vibaya. Kabla hajanisahau kabisa.” Na hapo sauti yake, ile ninayoijua kwa mizaha, ikakatika. “Siku hizi nikiingia chumbani anatazama kwanza. Unanielewa? Anatazama kwanza, ndipo anatabasamu.”

Nikamwambia njooni. Malasada ziliungua, Roz akanisema.

Walifika Alhamisi, baridi imeanza kuuma. Nilitoka nje na aproni yangu. Verna alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, halafu akaenda upande wa pili wa gari akamfungulia mlango mama mmoja mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, koti limefungwa vifungo vyote. Mama yule akanipa mkono kama mtu aliyekuja kukagua shule.

“Mimi ni Bibi Moeller,” akasema. “Na huyu ni binamu yangu, Verna.”

Nikamtazama Verna. Verna akacheka. “Mazoea hayo,” akaninong'oneza tukiwa tunabeba mizigo. “Miaka thelathini, unadhani yatatoka mara moja? Mpe muda.”

Niliwapa chumba cha juu, kile cha kona, chenye kitanda kimoja kikubwa. Nilikitandika mwenyewe, shuka za pamba, foronya zilizopigwa pasi, mfarishi wa marehemu mama. Ardith alisimama mlangoni akakitazama kitanda. Akatazama nyuma ya mlango. Akainama, akachungulia hata uvunguni.

“Cha pili kiko wapi?” akauliza.

“Hiki kinatosha, mpenzi,” Verna akasema. “Hapa kinatosha.”

Ardith alivua glavu zake akaziweka juu ya meza, moja juu ya nyingine.

Ijumaa asubuhi nikaenda kupanga chumba cha pili kutoka kwao. Kilikuwa kitupu, nimekitandika jana yake nikimngoja mgeni wa mchana. Nikafungua mlango nikakuta kitanda kimefumuliwa. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikapiga kelele humohumo, “Nani huyo mwenye laana aliyelala kwenye shuka zangu?” Ndipo nikamwona. Alikuwa upande wa ukutani, amepiga magoti katika gauni lake la kulalia, anabonyeza mto kwa ngumi.

“Shh,” akaniambia. “Karibu nimalize.”

“Mwalimu, unafanya nini?”

“Msichana wa usafi atapita.” Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto asiyejua kugawanya. “Hujawahi kufanya? Njoo nikuonyeshe. Usikunje sana. Watu wanakosea, wanakunja shuka lote mpaka linaonekana la uongo. Mtu aliyelala peke yake anavuruga upande mmoja tu. Na mto, unaubonyeza mara moja, unaacha.”

Nilikuwa na la kusema, mimi huwa sikosi. Nilitaka kumwambia, Mwalimu, msichana wa usafi ni mimi, na mimi nalala na Roz mwaka wa kumi na tano, na mtaa mzima unajua, na padri anajua. Nikajaribu.

“Hapa hakuna anayejali, Mwalimu. Hii ni nyumba ya wanawake. Kitanda kimoja ni halali hapa.”

Akanipapasa mkono. “Ndivyo wanavyosema wote,” akasema. “Ndivyo walivyomwambia na yule mwalimu wa michezo.”

Nilishuka jikoni nikamsimulia Verna, na nilidhani atalia. Alikoroga kahawa yake. “Lakini usiku aliniwekea miguu ya baridi,” akasema. “Kila usiku tangu tujuane ananiwekea miguu ya baridi mgongoni. Mwili unanijua, Delfina. Ni ulimi tu.”

“Verna.”

“Ni ulimi tu, nimekwambia.”

Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Halafu Jumamosi ikaja nzuri, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Jua lilitoka. Verna alimpeleka mpaka kwenye mabenchi yaliyo mbele ya ukumbi wa mji, wakakaa kula sandwichi za soseji, wakiwatazama wapita njia. Wakapita wanawake wawili wazee, wazee kabisa, mmoja ana mkongojo, wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Ardith akaacha kutafuna.

“Waone wale,” akasema. “Hawaogopi.”

Verna aliniambia hakuthubutu hata kugeuka.

“Natamani ningekuwa kama wale,” Ardith akasema.

Basi! Verna alikuja jikoni kwangu anakimbia, na umri ule, na uzito ule, kofia mkononi. “Amesema! Amesema anatamani!” Akamshika Roz akamzungusha, mwiko na yote. Mimi pia nilifurahi, siwezi kudanganya. Tulikaa mezani tukapanga kama watu wanaopanga harusi: Ardith akae wapi kesho, nani amtangulie, nani amfuate. Tukakubaliana Peg aanze, kwa sababu Peg, dereva wa malori kutoka Buffalo, anakuja kwangu kila mwaka na mwenzake Nadine, na hana haya hata chembe. Ardith akimsikia Peg atapata ujasiri. Verna ndiye aliyepanga yote hayo kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, kiti hiki, kiti hiki. Ilikuwa kazi yake, na sikumwona akiifanya kwa furaha namna ile tena.

Jumapili mchana tulikuwa kumi na mbili mezani. Roz alipika supu ya sukuma wiki na soseji, kuku, na pai za tufaha zikingoja pembeni. Verna alivaa blauzi ya bluu aliyoipiga pasi mara mbili. Ardith alikaa kulia kwake, mgongo umenyooka, anatazama watu kwa furaha. Alipenda mikusanyiko. Alidhani, nafikiri, ni mkutano wa wazazi.

Peg akasimama. “Mimi ni Peg, na huyu hapa mwenye kiburi ni Nadine wangu, ananivumilia mwaka wa ishirini. Nampenda. Leteni chakula.”

Makofi. Wakasimama wawili wengine, wasichana kutoka Kentucky, mmoja akalia, tukamngoja. Halafu zamu ikafika kwa Ardith. Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama mwenyewe, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaweka mkono wake begani mwa Verna. Verna akafumba macho.

“Mimi ni Bibi Moeller, wa darasa la nne,” Ardith akasema, sauti safi, inafika ukutani. “Na huyu ni binamu yangu, Verna. Ni mtu mwema sana. Ananitembeza.”

Peg akaangua kicheko. “Binamu!” akapiga meza. “Mungu wangu, mimi nimekuwa na mabinamu sita!” Na meza nzima ikalipuka, kwa sababu pale hapakuwa na mwanamke ambaye hajawahi kuwa binamu wa mtu, au mpangaji wake, au mama wa ubatizo wa mtoto asiyekuwepo. Walicheka kwa mapenzi. Walidhani mama yule mwenye vifungo amewatania, na ametania vizuri kuliko wote.

Lakini Ardith hakujua wanacheka nini. Alisimama pale kama mwalimu aliyechekwa na darasa, akatazama gauni lake, akagusa nywele zake. Akaketi taratibu.

“Hawakucheki wewe,” Verna akamwambia. “Wanakupenda.”

Ardith akamsogelea. Alidhani ananong'ona. Ila mtu aliyefundisha miaka yote ile hajui tena kunong'ona, na kila mmoja mezani alisikia kila neno.

“Binamu, nikuambie kitu? Lakini usimwambie mama.”

“Sitamwambia.”

“Mimi nyumbani nina mtu.”

Kicheko kikafa. Roz alikuwa ameshika bakuli la supu, akabaki amelishika.

“Mtu gani?” Verna akauliza.

“Mtu wangu. Tunaishi pamoja. Ni mwanamke.” Akatazama mlangoni, akarudi. “Nampenda, binamu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza. Anapiga kelele, anaendesha gari ovyo, anaacha taa zinawaka nyumba nzima. Ananichekesha mpaka naishiwa pumzi. Nikisikia funguo zake mlangoni, hata leo, na umri huu...” Hakumaliza, alitabasamu tu, na tabasamu lile nilimwonea wivu aliyepewa. “Nilimwahidi tutasafiri. Sasa niko huku nakula na wewe, na yeye yuko peke yake. Atafikiri nimemwacha. Nirudishe nyumbani, tafadhali.”

Hayo ndiyo Verna aliyoyafuata kutoka Ohio. Yamesemwa yote, mbele ya meza nzima, mchana kweupe, na zaidi ya alivyoomba. Niliuona uso wake. Mdomo ulikuwa unacheka na macho yanamwagika, na hakujua ashike lipi. Mimi nilijua hafai kusema. Nilitingisha kichwa, Verna, usiseme. Lakini wewe ungeweza kukaa kimya, umesifiwa namna ile na aliyekusifu haoni kwamba ni wewe?

Akamshika mikono yote miwili. “Ardith. Nitazame. Mtu huyo ni mimi.”

Ardith akamtazama.

“Ni mimi, mpenzi. Taa ninaacha mimi. Hujaniacha, niko hapa.”

Kiti kilianguka. Ardith alikuwa amesimama, amejivuta mpaka ukutani, mikono kifuani. “Nani amekuambia?” akasema. “Nani amekutuma? Ni mkuu wa shule?”

“Ardith...”

“Mimi si mtu wa namna hiyo!” Sasa alikuwa anatuambia sisi sote. “Mimi ni mwalimu! Nimefundisha watoto wenu! Ulizeni, ulizeni yeyote, sijawahi kumgusa mtu, huyo simjui, hakuna mtu nyumbani kwangu!” Akaanza kutafuta koti lake, na koti halikuwepo, akavuta kitambaa cha meza akidhani ndilo, glasi zikaanguka. “Msimwandikie mama. Nawaomba. Nitaondoka mwenyewe, msiwaite watoto madirishani.”

Yule msichana wa Kentucky alikuwa ameziba uso. Peg, jitu lile, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema kwa hasira zangu zote kwamba hapa ni kwangu, na hapa hakuna wa kumfukuza mtu. Verna akaninyooshea kiganja: nyamaza.

Alisimama. Akajifuta uso kwa kitambaa cha mkononi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

“Nisamehe, Ardith. Nilikuwa nakutania, na ni utani mbaya. Mimi ni binamu yako. Binamu yako Verna. Hakuna anayejua chochote.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

“Na hawa?” Ardith akatuonyesha kwa kidole. “Hawa ni akina nani?”

Verna akatugeukia. Alituomba kwa macho tu, na sijawahi kuombwa kitu kigumu kama kile katika nyumba yangu.

Peg ndiye aliyeanza. Akamwekea Nadine mkono mgongoni. “Huyu,” akasema, na ikabidi aanze upya, “huyu ni binamu yangu, mama.” Wasichana wa Kentucky wakasimama, yule aliyelia akasema, “Na huyu binamu yangu.” Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, kuizunguka meza yote, huyu ni binamu yangu, huyu ni binamu yangu, mpaka zamu ikafika kwangu. Nilikuwa nimeapa kwa mama yangu kwamba neno hilo halitatoka tena mdomoni mwangu. Roz alikuwa bado ameshika bakuli. Nikamtazama, nikasema, “Na huyu ni Roz. Binamu yangu.” Roz akaitikia kwa kichwa.

Ardith alitusikiliza sote mpaka mwisho. Mabega yakashuka. Akainua kiti chake mwenyewe, akaketi, akakunja kitambaa chake juu ya mapaja, akaomba kipande cha pai. Verna akamkatia. Alikula vizuri, hakuacha hata ukoko. Alipomaliza, akamgusa Verna mkono kwa heshima, kama unavyomgusa mtu aliyekusaidia sana safarini.

“Ukinifikisha nyumbani, binamu, usiingie ndani,” akasema. “Yule wangu hajazoea wageni.”

Verna akasema sawa, yeye ataishia mlangoni.